Subaru Iliyochutama

Gari bovu lina faida zake, na mtu asikurupuke kulitengeneza kabla hajajiuliza ni nani hasa atakayefaidi. Nasema haya nikiwa mwenye Subaru Forester ya turbo, zile za kizazi cha pili zilizoanza kutoka Japani mwaka 2002, na nikiwa mkazi wa Makanya, mahali ambapo barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Arusha inapita katikati ya mkonge na vumbi la jasi, huku milima ya Upare imekaa pembeni inatutazama tunavyohangaika.

Injini haikuwa na neno. Ni ya lita mbili, pistoni zake zimelala ubavu kushoto na kulia zinarushiana ngumi, na turbo likiamka unasahau hata deni la dukani. Ubaya ulikuwa nyuma. Gari lilichutama kama mama anayepepeta choroko: pua juu, makalio chini, tairi za nyuma zimezama ndani ya bodi.

Chanzo ni akili nyingi. Baadhi ya Forester hizi zilifungwa nyuma shokapu zinazojipandisha zenyewe. Ndani mna kitu kama pampu ndogo: ukipakia mzigo ukatembea kilomita chache, mtikisiko wa barabara unaisukuma oili na gari linarudi kwenye kimo chake. Wajapani waliwaza mbali, ila hawakufika Makanya. Sili zikichoka oili inavuja, pampu inakufa, na springi zake, ambazo zilitengenezwa laini kwa kutegemea msaada wa shokapu, zinabaki peke yake na msiba. Hazina ubavu wa kulibeba gari.

Sasa gari likichutama, taa za mbele zinatazama juu. Usiku nilikuwa namulika popo. Dereva anayekuja mbele yangu akiumia macho, ananiwashia taa kwa hasira. Lakini kila anayeijua barabara hii anajua maana ya kuwashiwa taa: kuna trafiki mbele, ana tochi. Basi napunguza mwendo hadi hamsini, nafunga mkanda ambao tayari nimeufunga, nakaa kwa adabu. Nafika mbele, hakuna trafiki, kuna mbuyu tu. Nakanyaga mafuta. Anatokea mwingine, ananiwashia. Hamsini tena. Kutoka Hedaru hadi Same nimeendesha gari la turbo huku malori ya saruji yananipita, mabasi yananipita, na siku moja ikanipita pikipiki iliyobeba kitanda, na aliyekaa juu ya kitanda akanipungia mkono. Nilidhani nchi nzima imejaa askari wa usalama barabarani. Ni shemeji yangu, dereva wa lori, aliyeniambia ukweli: "Shemeji, watu wanakutukana."

Kero ya pili ilikuwa umaarufu nisioustahili. Wilaya ya Same inajulikana kwa tangawizi yake, na kwa bahati mbaya inajulikana pia kwa mirungi. Mwaka 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya iliteketeza mashamba ya mirungi hukuhuku milimani. Kwa hiyo Subaru nyeusi inayoshuka usiku kutoka Suji, nyuma imelala chini, haihitaji kuelezwa sana.

"Umebeba nini?"

"Sijabeba kitu, afande."

"Gari limelala hivi na hujabeba kitu?"

Buti linafunguliwa. Ndani mna tairi la akiba, jeki, na ndala moja ya mtoto. Afande anainama, anamulika chini ya gari, anainuka taratibu, na sauti yake inageuka kuwa ya mtu aliyekuja kumwona mgonjwa. "Pole, mzee. Katengeneze."

Washauri hawakukosekana. Mzee mmoja alitaka nikate tairi la lori nichomeke vipande katikati ya springi. Mwingine akasema niweke spesa. Spesa ni kweli inalinyanyua gari, lakini shokapu iliyokufa inabaki imekufa, tofauti ni kwamba sasa imekufa ikiwa juu. Vijana wa stendi wao walinipa historia. Safari Rally iliyoanza mwaka 1953 kwa kuzunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, Colin McRae aliichukua mwaka 1997 akiwa na Subaru Impreza, na Richard Burns akaichukua mwaka 2000 akiwa na Impreza vilevile. Forester na Impreza ni ndugu wa tumbo moja, huku chini zimefanana. "Kwa hiyo, mzee, wewe una gari la mashindano." Kidogo nilie.

Gereji tuliyokwenda ni gereji bubu, chini ya mwarobaini. Fundi aliahidi kwamba ni kazi ya asubuhi tu. Asubuhi hiyo ikaisha tukiwa kwenye bolti ya kwanza. Kaskazini mwa Japani barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, na kutu ya chumvi ndicho kitu pekee katika gari langu ambacho hakikulipiwa ushuru bandarini. Spana ikachomekewa bomba, bomba likaning'iniwa na fundi, fundi akavutwa miguu na msaidizi wake. Bolti ilipoachia, wote wawili waliachia pamoja nayo.

Jioni shokapu mpya, zile za kawaida zisizo na pampu, zikawa zimefungwa. Jeki ikashushwa. Gari likachutama palepale.

"Zitazoea, bosi," fundi akasema.

Hazikuzoea, na hazikuwa na sababu ya kuzoea. Ukitoa shokapu ya kujipandisha ukaweka ya kawaida, lazima ubadilishe na springi, maana zile laini zilizoea kubebwa. Springi ngumu zikaagizwa Gerezani, Dar es Salaam, zikapakiwa kwenye basi. Mabasi hupita Makanya kama hayaioni. Konda aliyekabidhiwa alilala, springi zikafika Arusha. Zikarudishwa na basi jingine, zikapita tena Makanya kwa kasi, zikashushwa Hedaru. Zilipofika mikononi mwangu zilikuwa zimeshaona Mlima Meru.

Kuzifunga kunahitaji kifaa maalumu cha kuzibana. Fundi alikuwa na kamba ya mkonge, mali ya nyumbani kwetu hiyo, pamoja na waya. Springi ilitii mpaka dakika ya mwisho. Kisha kamba ikakatika, springi ikaruka juu ya ua wa miiba na kutua karibu na mbuzi wa jirani. Haikumgusa. Lakini mwenye mbuzi alitoka akasema mnyama ameshtuka, halafu akasema hali vizuri, halafu akataka tukutane kwa mwenyekiti wa kijiji. Sisi Wapare husemwa kwamba tunaweza kuuza ng'ombe ili tuendeshe kesi ya kuku. Ni uongo. Mimi nilikuwa tayari kuuza mbuzi tu.

Hatimaye gari likasimama. Nyuma pakanyanyuka, tena zaidi ya mbele kidogo, taa zikaiona barabara, na kwenye kizuizi afande akanipungia nipite bila kuinuka kwenye benchi. Niliendesha hadi Same na kurudi bila sababu yoyote, kona zikikatwa sawasawa, turbo likipiga mluzi.

Ndipo shangazi yangu wa Suji aliposhuka bondeni. Alilizunguka gari, akalisukuma nyuma kwa kiganja, likakataa kudidimia. Akatabasamu.

"Mwanangu, naona gari limepona. Nyuma pako wazi kabisa."

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nacho zamani. Miaka yote gari likiwa limechutama, hakuna ndugu aliyeniomba kitu. Walilitazama na kusema maskini, limechoka, tutapanda magari ya abiria. Sasa limesimama, na kwa macho ya ukoo gari lililosimama ni gari lisilo na mzigo. Magunia ya maharage yakaanza. Ikaja mikungu ya ndizi, kabati la bibi harusi, mashine ya kukoboa isiyo na mkanda, na mkanda wake wiki iliyofuata. Kesi ya mbuzi nayo ikaisha kwa suluhu: nimpeleke mbuzi mnadani Same bila nauli, na mwenye mbuzi akae mbele. McRae alikuwa dereva hodari, sikatai, lakini hakuwa na shangazi Suji.

Juzi nilipita kwa fundi na magunia yangu. Akatazama nyuma, akaona tairi zimeanza kuzama tena, akafurahi. "Bosi, tukuwekee springi ngumu zaidi?" Nikamwambia akithubutu tutaonana kwa mwenyekiti.

Kwa hiyo, msomaji mwenye Forester iliyochutama: nunua shokapu na springi kwa pamoja, usinunue kimoja ukasubiri vizoeane. Mtafute fundi mwenye kifaa cha kubania, kamba ya mkonge ina kazi nyingine. Ukimaliza, kapime na alaimenti. Lakini kabla jeki haijashushwa, wapigie simu ndugu zako wote wa milimani uwaambie gari umeliuza.