Simu Inashika, Kompyuta Inagoma

Ukitaka kujua mtaa wetu wa Nyayo Highrise, Nairobi, una mainjinia wangapi, toka nje ya mlango useme kwa sauti kwamba kompyuta yako imekataa kushika waifai. Watajitokeza. Atashuka kijana wa ghorofa ya juu ambaye balbu ya ngazi imemshinda tangu mwezi jana. Atasimama jirani anayetoka Kenyatta Market na nyama choma yake kwenye mfuko wa karatasi. Atakuja hata msimamizi wa jengo, ambaye siku maji yakipotea naye hupotea. Wote watakuuliza swali moja, kwa sauti ya daktari bingwa: "Mzee, umejaribu kuizima halafu ukaiwasha?"

Nimejaribu. Nimezima kompyuta, nimezima ruta, nimezima zote mbili kwa pamoja, na mara kwa mara stima hukatika yenyewe ikanisaidia kuzima bila kuombwa. Hilo naomba nisiulizwe tena.

Kinachoniudhi si kukosa intaneti. Intaneti ilifika Kenya katikati ya miaka ya 1990, na kabla ya hapo watu walioa, wakazaa na wakadaiana bila shida. Kinachoniudhi ni ubaguzi. Simu ya binti yangu inashika. Runinga inashika. Hata simu ya mgeni aliyekuja kudai pesa za chama inashika kabla mwenyewe hajaketi. Laptopu, chombo pekee humu ndani kinachotafuta riziki, inaniandikia kwa utulivu: "Imeunganishwa, hakuna intaneti." Imeunganishwa na nini sasa? Na ukuta?

"Si imezeeka, Baba," binti yangu huniambia bila kuinua macho.

"Nani amezeeka?"

"Laptopu, Baba."

Laptopu yenyewe nilinunua mjini, Luthuli Avenue, ikiwa imeshastaafu katika ofisi fulani huko Uingereza. Imefanya kazi kwa Wazungu, ikaja kutufanyia na sisi. Haidai pensheni. Sioni kwa nini itukanwe.

Kampuni ya intaneti nayo ina namna yake. Ukipiga simu unawekewa muziki mpaka uujue kwa moyo, kisha inakuja sauti tamu: "Mteja wetu mpendwa, je, kwenye ruta kuna taa nyekundu?" Hakuna. "Basi kwa upande wetu kila kitu kiko sawa." Upande wao huwa sawa daima. Tangu niwajue, sijasikia siku hata moja upande wao umeamka na homa.

Nikasisitiza, akatumwa fundi. Alipanda ngazi akihema, akasimama katikati ya sebule, akatoa simu yake mfukoni na kufungua video ya mabao ya Gor Mahia. Video ikacheza. "Mkubwa, mbona inashika?" Nikamwonyesha laptopu. Akaitazama kama mtu aliyeonyeshwa mtoto wa nje. "Hiyo sasa ni kompyuta," akasema. "Mimi ni wa intaneti." Akaomba ya soda, akashuka.

Kwa hivyo ilibidi nifanye kazi yake. Kwenye Windows kuna kile kidirisha cheusi ambacho kwenye filamu hutumiwa na wezi wa benki. Ukiandika humo ipconfig, kompyuta inakutajia anwani yake kwenye mtandao. Ruta nyingi za nyumbani hugawa anwani zinazoanza kwa 192.168. Yangu ilikuwa imeandika 169.254 na tarakimu nyingine mbele. Hiyo si anwani ya kupewa. Kompyuta inapoomba anwani kwa ruta isijibiwe, hujipa yenyewe kutoka kwenye fungu hilo la 169.254, kama mpangaji aliyejiandikia namba ya mlango kwa chaki huku mwenye nyumba hana habari naye. Inaonekana imekaa ndani, lakini barua haziifikii.

Dawa ya hapo inajulikana. Unaiambia kompyuta iusahau mtandao huo, unaingiza paswadi upya, inaomba anwani tena. Mara nyingi inapewa. Ilipewa. Nikafungua tovuti ya benki nilipe kodi ya nyumba, na benki ikanijibu kwamba muunganisho wangu si salama. Ikakataa kabisa kufunguka.

Hapa nawaomba mainjinia wa ngazi wanyamaze kidogo, kwa sababu ugonjwa huu hakuna hata mmoja wao aliyeutaja. Betri kubwa ya laptopu yangu ilikufa zamani, kwa hiyo inaishi kwa stima tu. Ndani yake kuna betri nyingine ndogo, bapa kama sarafu, ambayo kazi yake ni kutunza saa wakati umeme haupo. Nayo imekufa. Kwa hiyo stima ya Highrise ikikatika, laptopu inazirai, na ikiamka inaamini leo ni tarehe 1 Januari 2012. Kwake yeye Kibaki bado yuko Ikulu na serikali za kaunti hazijaanza kazi. Sasa kila tovuti ya maana hubeba cheti chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Kompyuta ya mwaka 2012 ikionyeshwa cheti kilichotolewa juzi, inaona hicho ni cha kughushi: kimetoka wakati ambao haujafika! Inafunga mlango. Nawe unalaani waifai ambayo haina kosa.

Ukirekebisha tarehe, dunia inafunguka. Ukibadilisha ile betri ndogo, unasahau jambo hilo kwa miaka. Kwa bei yake ni aibu kuitaja. Fundi wa intaneti angeijua, angepata soda mbili.

Hayo yakaisha. Ukabaki ule ugonjwa wa jioni, ambao nadhani wasomaji wengi wa magorofani wanaufahamu. Asubuhi kompyuta inakwenda vizuri. Ikifika saa mbili usiku, watu wametoka kazini, harufu ya sukuma wiki inapanda kila dirishani, laptopu inaanza kushika na kuachia, kushika na kuachia. Simu ya binti haina habari.

Bofya ile alama ya waifai wakati huo uone orodha inayofunguka. Mimi nikiwa mezani kwangu naona mitandao ya jengo letu na ya jengo la pili, inashuka mpaka kidole kinachoka. Kuna "Nunua Yako". Kuna "Lipa Deni Kwanza". Kuna "Kanisani Huonekani", ambaye nashuku ni yule mama wa chini anayeongoza kwaya. Kuna mmoja ameandika jina la mtu, na chini yake, bila shaka wa mlango huohuo, mwingine ameandika "Nilimwacha". Mtaa mzima unagombana hewani, na katikati ya ugomvi huo laptopu yangu inajaribu kutuma barua pepe.

Waifai ya kawaida, ile ya gigahezi 2.4, imegawanywa katika nchi nyingi kuwa chaneli 13. Zinasikika kuwa nyingi mpaka uangalie vipimo: chaneli moja na inayofuata zimeachana megahezi 5 tu, ilhali ruta inayozungumza hujitandaza megahezi 20 hivi. Ndiyo maana zinazoweza kukaa pamoja bila kukanyagana ni tatu: ya 1, ya 6 na ya 11. Ruta mbili zikiwa kwenye chaneli moja husikizana, hii ikisema ile inangoja zamu. Mambo yanakwenda polepole, lakini kwa adabu. Mharibifu ni yule aliyekaa chaneli ya 4. Huyo hasikilizani na yeyote. Kwa walio chaneli ya 1 ni kelele, kwa walio ya 6 ni kelele, na yeye mwenyewe hasikii lolote la maana. Ongeza hapo mikrowevu za kupasha ugali, ambazo nazo hufanya kazi karibu na masafa hayohayo ya 2.4.

Na ubaguzi wa simu? Simu ya binti yangu ina redio ya gigahezi 5, ambako nafasi ni tele na majirani ni wachache. Inahamia huko kimyakimya. Kadi ya waifai iliyo ndani ya laptopu yangu haioni gigahezi 5 kabisa, imebaki kwenye msongamano. Basi kumbe si uzee tu. Ni uzee na mtaa mbaya.

Isitoshe, hizo gigahezi 5 nazo hazipendi kuta, na kuta tunazo. Nyumba zetu ni za enzi za Moi, hata jina la mtaa linasema hivyo, na kanuni ya kwanza ya waifai duniani ilitolewa mwaka 1997. Waashi wa wakati ule walikuwa wanazuia mvua, baridi na kelele za jirani. Walifanya kazi nzuri sana. Mawimbi ya ruta yangu yanatoka sebuleni yakiwa na afya, yanavuka jikoni yakichechemea, na chumbani hayafiki.

Wivu unanipata nikitazama ng'ambo ya ukuta. Pale Kibera, vijana wa Taasisi ya Tunapanda walijenga mtandao wa jamii, TunapandaNET, wakaweka antena juu ya mapaa na kuunganisha shule na vituo vya vijana. Wanarusha intaneti juu ya bahari ya mabati, na mabati ni adui mkubwa zaidi wa mawimbi kuliko ukuta wangu. Mimi nashindwa kuitoa sebuleni kuipeleka kitandani.

Lakini Highrise hatupendi maelezo ya namna hiyo. Tunapenda kuzima na kuwasha. Tarehe 12 Mei 2024, Jumapili, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ikazorota Kenya, Tanzania, Uganda na kwingineko. Kwenye ngazi zetu siku hiyo nilikutana na watu wazima waliobeba ruta zao mikononi wakibishana kwenye soketi ya nani itashika. Mmoja alikuwa ameinama dirishani akipinda antena kuelekea Mbagathi. Nikamwambia waya umekatika baharini. Akanitazama kwa huruma. "Mzee, lakini umejaribu kuizima ukaiwasha?"

Suluhisho la kweli la ule ugonjwa wa jioni ni waya. Toa kebo kwenye ruta, ichomeke kwenye kompyuta, umemaliza: hakuna chaneli, hakuna ukuta, hakuna kwaya. Mwenye nyumba wangu hataki tobo ukutani. Kebo inayopita sakafuni nayo ilimwangusha shangazi alipotutembelea, na shangazi ni mtu wa kuhesabiwa. Kebo ikakunjwa.

Kwa hivyo nawageukia ninyi, majirani. Chini ya ruta yako kuna kibandiko. Kimeandikwa anwani, kwa kawaida 192.168.1.1 au 192.168.0.1, pamoja na jina na paswadi ya kuingilia. Ifungue kwenye simu kama unavyofungua tovuti yoyote. Tafuta sehemu ya waifai ya gigahezi 2.4, weka upana megahezi 20 badala ya 40, kisha chagua chaneli ya 1, ya 6 au ya 11. Si ya 3. Si ya 8. Ukitoka hapo badilisha na hiyo paswadi ya kibandiko, maana fundi aliyekuwekea ruta anaijua na kijana wa kioski pia anaijua. Simu zenu ziacheni gigahezi 5, runinga pia.

Na wewe wa chaneli ya 4 unayejiita "Nunua Yako": nilinunua, na nalipa kila mwezi. Hama.