Gazeti la Vitumbua

Mama mkwe alitoka jikoni na kipande cha mkaa, akapanda juu ya kigoda, na mbele ya wateja wake mwenyewe akaikata kwa mistari miwili minene bei ya samaki wadogo wa chisense iliyoandikwa kwenye ubao wa nje. Kisha akatugeukia. "Nani katika nyumba hii ameuza samaki wangu kabla sijafungua gunia?" Shemeji akamtazama mume wangu, mume wangu akainamia msumeno wake. Jioni ile uani paliwaka moto mara mbili: wake na wetu. Sufuria ya ugali wake haikupita mlangoni kwetu, na watoto wakawa wanakula huku, wanakwenda kumalizia kule.

Nyumba yetu iko Kashikishi, wilaya ya Nchelenge, Zambia, kando ya barabara inayoshuka kwenye soko la samaki. Mbele ni Ziwa Mweru, na ng'ambo ya ziwa ni Kongo. Boti zinazotoka Kilwa ya upande ule huleta watu na mizigo. Kutoka Mantapala, makazi ya wakimbizi yaliyofunguliwa Januari 2018 kwa Wakongo waliokimbia mapigano katika mikoa yao ya Haut-Katanga na Tanganyika, huja akina mama wenye ndoo tupu na hesabu kali kichwani. Kibemba ndiyo lugha ya mji. Kiswahili ndicho kinachovuka maji. Mimi nimeletwa hapa na ndoa kutoka Kigoma, kwa hiyo nyumbani tunazungumza vyote viwili, na mama mkwe akikasirika huchanganya na cha Katanga alichojifunzia kwenye biashara.

Ubao wenyewe ulikuwa meza ambayo mteja wa mume wangu aliikataa. Shemeji, mdogo wake mume wangu, aliuomba. Tangu amalize shule alikuwa na hamu moja tu, kuandika gazeti, na kwa kuwa gazeti linataka mtambo na yeye ana kalamu ya wino mzito, akaamua liwe la ukutani. Akapigilia ubao kwenye ukuta unaotazama barabara na kubandika karatasi zake. Nasema kwa moyo wote kwamba mwandiko ulikuwa mzuri. Palikuwa na salamu kwa viongozi wote kwa vyeo vyao. Palikuwa na makala ndefu kuhusu maendeleo. Palikuwa na habari kwamba David Livingstone alifika kwenye ziwa hili tarehe 8 Novemba 1867, habari ya kweli kabisa, ambayo mbuzi wa jirani aliitafuna hadi mwaka wenyewe. Watu walipita. Hakuna aliyesimama.

Aliyesimama wa kwanza alikuwa mama mmoja kutoka Mantapala, na hakusimama kusoma bali kufuta jasho. Akaniuliza ndoo ya chisense imefika kwacha ngapi. Nilipomtajia, alikaa chini. "Ningejua jana, mama, nisingelipa nauli."

Maneno hayo nilimpelekea shemeji kama yalivyo. Hakuyapenda. Alisema gazeti si gunia la sokoni. Nami nikamjibu kwamba yule mama anajua kusoma, amesafiri kutwa nzima kutafuta habari moja, amesimama mbele ya gazeti lake, na gazeti halikuwa na habari hiyo. Tulibishana hadi taa ikazimika. Kesho yake bei ikaandikwa, na siku ya tatu ndipo ulipotoka ule mkaa.

Mume wangu ndiye aliyekwenda na kurudi kati ya mioto miwili. Alirudi na jibu ambalo hakuna kati yetu aliyelitegemea: Mama hakasiriki kwa kuwa bei imetajwa, anakasirika kwa kuwa imetajwa vibaya. Nikaenda mwenyewe nikapiga magoti. "Mama, tufundishe." Akaniambia nikae.

Chisense, akasema, hawana bei moja. Hawa wadogo wa fedha huanikwa juani. Wakianikwa juu ya mchanga hubeba mchanga, na mpishi akiwaosha mara nne bado meno yatalia. Wakianikwa juu ya chanja au wavu huwa safi. Ninyi mmeandika bei ya wenye mchanga, mteja akaja kuidai kwa wangu walio safi. Tena bei ya alfajiri, boti zinapofika, si bei ya saa sita. "Hii kitu yenu haiko uongo," akasema, "lakini haiko kweli." Tangu siku hiyo ubao ukawa na bei ya wenye mchanga na ya wasio na mchanga, ya asubuhi na ya mchana, na aliyezitamka ni yeye. Moto wa pili ukazimwa.

Na watu wakaanza kusimama. Mwanzo akina mama wa Mantapala, kisha wachuuzi wa Mansa wanaojaza magunia kwenye malori, kisha hata wauzaji wenyewe, waliokuja kubisha. Shemeji bado alikuwa akiilia makala yake ya maendeleo. Nilimkumbusha kwamba Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, alipotaka kusema na watu wake mwaka 1930, alianza na Sahifa, karatasi ndogo tu ya Kiswahili, na gazeti la al-Islah likafuata mwaka 1932. Nikamkumbusha pia Mambo Leo, gazeti la serikali ya Tanganyika lililoanza mwaka 1923. Lilikuwa la wakubwa, lakini wasomaji waliliingia kwa barua na mashairi yao, Shaaban Robert akiwa mmojawao, mpaka likawa kama lao. Naamini hivyo hata leo: msomaji hurudi pale alipofaidika jana, na huleta mwenzake pale alipokuta neno lake mwenyewe limewekwa.

Basi shemeji akaamka na wazo lake, na lilikuwa wazo zuri. Chisense huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi ni taa za betri. Samaki hufuata mwanga. Mbalamwezi ikiwaka ziwa zima, taa ya mvuvi haiwaiti tena. Kwa hiyo kila mwenye boti huhesabu siku za giza. Shemeji akaandika juu ya ubao, kwa wino mwekundu, usiku upi utakuwa wa giza mwezi ule. Wenye boti walikuja kundi kundi. Wengine walinakili kwenye viganja.

Usiku wa kwanza wa giza, mwezi ulikuwa tayari juu. Ulikuwa mpana, mweupe, ukabaki angani karibu hadi alfajiri, nasi tuliokuwa uani tuliweza kuona rangi za vitenge kwenye kamba. Mama mkwe alitazama juu, akatazama ubao, akaingia ndani kukanda unga.

Alijua wenye boti watakuja. Walikuja kabla ya jua, wamelowa, wameunguza petroli na kulipa vibarua, na ndoo zao zilionyesha vyuma vya chini. Mume wangu alisimama mlangoni na nyundo, akiwa tayari kuung'oa ubao mwenyewe. Shemeji aliitoa kalenda aliyonakilia, na hapo ndipo ilipoonekana kuwa ilikuwa ya mwaka uliopita, ile yenye picha nzuri ambayo hatukutaka kuitupa. Mwezi mwandamo hurudi nyuma karibu siku kumi na moja kila mwaka, hivyo giza la mwaka jana lilikuwa limeangukia kwenye mbalamwezi ya mwaka huu.

Mama mkwe aliwakalisha wavuvi wote kwenye mikeka. Chai ikamiminwa, vitumbua vikatolewa vya moto, akawasikiliza mmoja mmoja hadi wa mwisho bila kumkatiza. Ndipo akamwita mwanawe. Alimtaka aandike pale pale juu, kwa wino ule ule mwekundu na herufi za ukubwa ule ule: tulisema giza, palikuwa na mwezi, kalenda ilikuwa ya mwaka jana, tarehe za kweli ni hizi. Tarehe za kweli walizitamka wavuvi, kwa vidole, na wakapatana. Shemeji aliandika mkono ukitetemeka, kisha akaondoka kwenda Mwansabombwe kwa shangazi yake, akakaa huko mpaka aibu ilipopoa.

Nilidhani hapo gazeti limekufa. Lakini aliporudi alikuta wale wale waliokuja na hasira wanapita kila alfajiri kutupa habari: upepo umevuma kutoka wapi, nani amerudi na nini, boti ipi imekwama kisiwa cha Chisenga. Habari za ziwa tulizipata bila kuondoka kwenye kizingiti. Mtu aliyeona kosa lake likisahihishwa waziwazi humwamini mwandishi kuliko aliyeambiwa hakuna kosa. Hilo sikulisoma popote, nililiona kwa macho yangu.

Halafu ikaja Desemba. Uvuvi hufungwa tangu tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari ili samaki wazae, na hapakuwa na bei ya samaki ya kuandika. Ubao ulibaki mweupe. Watu wakaanza tena kupita bila kugeuza shingo, nami nikaumia kuliko nilivyotarajia.

Mama mkwe ndiye aliyeujaza. Jioni, akikaanga vitumbua vya kuuza, alimsimulia mjukuu wake habari za mpumbu, samaki mkubwa aliyekuwa fahari ya ziwa hili. Mvua zikianza, mpumbu walipanda Mto Luapula kwa wingi kwenda kuzaa, na watu wakawazuia njiani kwa nyavu, wakiwa wamejaa mayai. Miaka ya 1940 biashara ilipanda sana. Muongo ule haukwisha vizuri: mpumbu walivuliwa mpaka wakaadimika, na baadaye ndipo chisense, ambao wazee waliwadharau, wakawa riziki ya pwani nzima. Mama yake mama mkwe aliyaona hayo, naye aliyapokea kwake.

Binti yetu, aliye darasa la saba, aliyaandika sehemu kwa sehemu, na kwa kuwa alikuwa akifanya mazoezi ya mwandiko, alinakili kila sehemu mara nyingi kwenye karatasi za daftari. Bibi yake alipoishiwa karatasi za kufungia vitumbua, alichukua zile.

Balaa likaanzia hapo. Mtu alinunua vitumbua viwili, akala, akasoma mpumbu wanavyopanda mto, akafika mahali wanaume wanatandaza nyavu, na karatasi ikaishia hapo. Mwingine alipata nyavu lakini hakupata mto. Dereva wa lori alirudi kutoka barabara ya Mansa akiuliza kilichofuata. Akina mama wa Mantapala walibadilishana karatasi zenye mafuta wakapanga hadithi upya, nusu juu chini. Boti ya Kilwa ilivuka na kipande kimoja, ikarudi na ujumbe: mzee mmoja wa kule anasema wa kwanza kuwazuia mpumbu hawakuwa watu wa upande wao, na anataka kujibu. Mume wangu alilalamika kwamba uani hapapitiki. Binti yetu alilia kwa kuwa maneno yake yameliwa. Mama mkwe alikaanga mara mbili ya kawaida na vikaisha.

Sasa sehemu nzima hubandikwa ubaoni kila Jumamosi, na nakala za vitumbua zinaandikwa juu ni sehemu ya ngapi. Mzee wa Kilwa amejibu, kwa mkono wa mjukuu wake, kurasa nne zilizobanwa. Mzee wa hapa Kashikishi naye hakubaliani na yeyote kati yao. Shemeji alitaka kuzifupisha barua zote mbili zitoshe, Mama akamkataza, kwa sababu mtu aliyevusha maneno ziwa zima hakatwi katikati. Kwa hiyo mume wangu anapanga mbao za ubao wa pili, na Mama ameagiza upigiliwe chini kidogo, watoto wa shule waufikie, na mahali ambapo mbuzi hafiki.