Kaeni Kushoto

Mtu aliyekulia kando ya Reli ya Kati hachagui treni. Treni ndiyo humchagua yeye, siku ikijisikia. Unafika stesheni na begi, ndoo yenye mfuniko, mkeka, na mtoto wa dada yako uliyekabidhiwa umfikishe Urambo. Unaambiwa imechelewa. Unatandika mkeka. Ikija, unaingia behewa lililosimama mbele yako, na utakaa pale umati utakapokuacha. Sijapata kumsikia abiria wa daraja la tatu akimuuliza mwenzake mandhari nzuri iko upande gani.

Ndiyo maana nilishangaa, uzeeni huku, kukalishwa kikao na watu wazima watatu eti tuchague treni.

Binti yangu anauguza wagonjwa Seattle. Mumewe, kijana wa Kisumu, anafanya kazi ya kompyuta ambayo kila akinieleza nabaki kuitikia "ehee" tu. Waliona baba na mama wametoka mbali, wasirudi Morogoro na picha za maduka peke yake. Wakatukatia tiketi za meli ya starehe, zile za wiki moja kwenda Alaska na kurudi.

Meli yenyewe ni ghorofa la Kariakoo lililosukumwa baharini: lifti kila kona, watu kila lifti. Chakula hakuna saa kinapokosekana, na kwa chakula sina neno. Neno langu ni hili: nilidhani mtu akishalipiwa meli, amelipiwa. Kumbe ile ni nauli ya kulala na kula. Kila bandari ina orodha yake ya matembezi ya nchi kavu, kila tembezi lina bei, na bei hiyo ukiigeuza kuwa shilingi unaomba kwanza maji ya kunywa.

Bandari iliyotuletea maneno inaitwa Skagway. Ni mji wa wakazi elfu moja na kitu, lakini siku ya meli nyingi hupokea wageni zaidi ya elfu kumi, na wote hao inabidi wapelekwe mahali. Unaweza kupanda helikopta ikakushushe juu ya barafu, ukavutwe na mbwa. Unaweza kuning'inizwa kwenye waya uteleze juu ya miti. Unaweza kuchekecha mchanga ukitafuta dhahabu. Au unapanda treni.

Mkwe wangu alitaka helikopta. Mama Neema, mke wangu, akaitazama picha, akasema yeye hajamaliza kulea wajukuu. Binti akapendekeza dhahabu. Nikamwambia, mwanangu, mimi natoka nchi yenye Geita, leo nilipe dola nichekeche mchanga wa mtu? Nikasema treni, nikijua nimefunga mjadala. Hapo ndipo mjadala ulipoanza.

Maana treni nayo ina orodha yake. Kuna ya asubuhi na ya mchana. Kuna inayopanda mpaka kilele cha White Pass, inageuza, inarudi, na hakuna anayeshuka. Kuna inayovuka mpaka hadi Fraser, upande wa Kanada, kisha mnarudi kwa basi, nayo inataka pasipoti, na kwa watu wa pasipoti kama yetu inataka viza pia. Viza ya Kanada tulikuwa nayo, kwa sababu meli za kigeni zinazotoka Seattle hulazimika kugusa bandari ya nje ya Marekani kabla ya kurudi, kwa sheria ya mwaka 1886 ambayo hakuna aliyepata muda wa kuifuta. Lakini Mama Neema alisema hawezi kwenda likizo kumtafuta ofisa wa uhamiaji kwa hiari yake. Amewaona wa kutosha. Tukachukua ya kileleni.

Likaja suala la tunanunua wapi. Binti aligundua kwamba tiketi za treni hiyohiyo zinauzwa pia nje ya meli, tena kwa nafuu kidogo. Kijana wa kaunta ya matembezi, mwenye meno mengi, akatueleza kwa upole kwamba waliokatia tiketi melini treni yao ikichelewa, meli huwasubiri. Waliojinunulia wakichelewa, meli huondoka na mabegi yao. Hiyo siyo taarifa, hicho ni kitisho kilichopigwa pasi. Lakini kilifanya kazi. Mama Neema aliichukua kadi ya binti yake mkononi akamkabidhi yule kijana mwenyewe.

Kwa kuwa fedha imeshatoka, nikaamua niisome hiyo reli, nijue tunalipia nini. Na hapa nitasema kweli, habari zake ni tamu kuliko kitu chochote kilichoandikwa kwenye orodha ile.

Mwaka 1896 dhahabu ilionekana Klondike, ndani kabisa ya Yukon, na mwaka uliofuata watu wakapagawa. Maelfu walishukia Skagway waivuke milima kwa miguu. Njia ya White Pass ilikuwa mbaya kiasi kwamba farasi wapatao elfu tatu walifia humo, na bonde moja mpaka leo linaitwa Bonde la Farasi Mfu. Ukifika juu unawakuta askari wa Kanada, nao hawakuruhusu mtu kupita bila chakula na vifaa vya mwaka mzima, jumla karibu tani moja. Tani! Basi mtu hubeba kiasi cha mgongo wake, akakitua mbele, akarudi kuchukua kingine, hivyohivyo mlima mzima, mpaka tani iishe au yeye aishe. Nikiwaza haya nilikuwa kwenye foleni ya ndizi za kukaanga na abiria mmoja mbele yangu alikuwa analalamika kuwa trei ni nzito.

Reli ilianza kujengwa Mei 1898. Ikapasuliwa kwenye mwamba kwa baruti, ikafika Whitehorse, kilomita 177, na kukamilika Julai 1900. Kufikia hapo wenye pupa ya dhahabu wengi walikuwa wameshatawanyika, na wengine wamekimbilia Nome baada ya kusikia dhahabu ya huko inaokotwa ufukweni. Mradi wa reli unaokamilika shida yenyewe ikiwa imeshaondoka: hapo nikajisikia nyumbani. Nikamkumbusha mkwe wangu kuwa mwaka huohuo wa 1898 simba wa Tsavo walikuwa wanawala wajenzi wa reli iliyokuja kufika kwao Kisumu mwaka 1901. Akasema, "Baba, hizo ni mambo za zamani." Kijana wa kompyuta.

Skagway ya wakati huo ilikuwa na tapeli mkuu, Soapy Smith. Inasimuliwa kuwa alifungua ofisi ya simu ya maandishi, dola tano ujumbe mmoja, wakati mji haukuwa na waya wa simu unaokwenda popote. Watu wakalipa, wakatuma salamu kwa wake zao, na wengine wakaletewa hata majibu. Alipigwa risasi gatini Julai 1898. Niliposoma hayo nilikuwa nimelipia intaneti ya meli, na kiduara kilikuwa kinazunguka tangu asubuhi. Nikamwonea huruma Soapy. Aliwahi mno kuzaliwa.

Jambo moja lilinifurahisha kuliko yote: upana wa reli yao ni milimita 914. Ya kwetu, ile ya Mjerumani, ni mita moja kamili. Nililisema hilo mezani, nikalisema kwenye lifti, nikamweleza na bwana mmoja wa Ohio ambaye hakuwa ameniuliza.

Sasa upande wa kukaa. Mama Neema aliambiwa na mama mmoja waliyekutana naye kwenye foleni ya chai kwamba siri ya treni ile ni moja tu: kaeni kushoto. Kushoto ndiko kwenye bonde, maporomoko na picha. Kulia ni ukuta wa mwamba. Tangu hapo neno "kushoto" tulililalia na kuamkia. Binti alihakikisha kwenye ramani. Mkwe alitaka kujua ni kushoto kwa kuangalia mbele au nyuma. Kumbe siri yenyewe meli nzima ilikuwa inaijua, maana treni iliposogea gatini, karibu kabisa na meli, watu wazima wenye mvi na magoti ya bandia walitembea mwendo ambao ungeshinda kama mbio zisingekuwa zimekatazwa.

Ila hawakuwa wamewahi kugombea daladala ya jioni. Mama Neema alipita katikati yao kwa "samahani, samahani" za Kiswahili, akafika behewani, akatandaza khanga upana wa viti vinne. Kushoto. Wamarekani wakaitazama ile khanga kama hati ya mahakama. Hakuna aliyeigusa.

Treni ikapanda. Kilomita 32, kutoka usawa wa bahari mpaka karibu mita 870, na sikatai, ni kazi ya watu. Reli imening'inia ubavuni mwa mlima, na chini yako hakuna kitu ila miti iliyogeuka mboga. Tukapita maporomoko, tukaingia handaki, tukaliona daraja kuu la chuma la mwaka 1901, lililostaafishwa 1969 na bado limesimama linatazama wenzake wakifanya kazi. Mahali pamoja mtangazaji alituonyesha kijia chembamba kilichochimbika kwenye mawe. Ndiyo njia yenyewe ya wale wa tani moja. Abiria wakakipiga picha, wakarudi kwenye biskuti zao.

Ambacho sikukielewa ni treni isiyokuwa na biashara. Njia nzima hakuna stesheni ya maana, hakuna mtoto wa karanga, hakuna anayekimbia sambamba na dirisha akidai chenji. Kwa muda ule Saranda ungekuwa umeshika kuku wawili, na Tabora unabishana bei ya asali. Hapa kuna bwana mmoja tu mwenye kamera ndefu, aliyesimama kwenye kibaraza cha nyuma ya behewa tangu gatini, akapageuza kwake. Nikamuuliza Mama Neema, hivi hii treni inakwenda wapi? Akasema, "Haiendi. Tunaangalia." Nikauliza tunaangalia mpaka wapi. Akaniambia niangalie kushoto.

Tukafika kileleni, kwenye mawingu, bendera za Marekani na Kanada zikipigwa na upepo mmoja. Injini ikaachia mabehewa, ikazunguka kwenda kushika upande wa pili. Sauti ya mtangazaji ikasikika, yenye furaha ya mtu asiyejua analofanya: sasa abiria wote wasimame, wageuze migongo ya viti, kisha walio upande huu wahamie upande ule, na wa ule waje huu, ili kila mtu apate mandhari sawa.

Binti akatafsiri. Mama Neema akauliza, "Ahame nani?"

Upande wa pili bibi mmoja alikuwa ameshasimama, mkoba mkononi, akitabasamu kwa subira ya mtu mwenye haki. Mama Neema naye akatabasamu. Khanga haikusogea. Binti akasema, "Mama, jamani." Mkwe akajifanya anafunga kamba za viatu. Mwisho ilibidi mimi nimwombe kama tunavyoombana ukweni, na khanga ikakunjwa taratibu, kona kwa kona, bibi wa watu akiwa amesimama vilevile.

Tukashuka kilomita zote 32 tukitazama mwamba. Ni mwamba mzuri. Mkwe alisema ni granaiti. Upande wa pili walikuwa wanaguna kwa raha kila kona, na Mama Neema, ili asisikie, akalala.

Jioni tulikuta karatasi kitandani: kesho Ketchikan, kuna safari ya kuvua samaki, kuna kuangalia dubu, kuna maonyesho ya wakata magogo. Nikasema mimi nabaki melini. Kwetu wakata magogo wanafukuzwa na maofisa misitu, siwezi kuwalipia kiingilio.

"Umeshalipiwa," akasema Mama Neema. "Na beba koti, wamesema mvua."