Jinsi ya Kuotesha Zao Lisiloonekana Ufipa

Anza na shamba. Ekari hazihitajiki: kipande cha silikoni chenye ukubwa wa ukucha, kilichopakwa utando wa alumina, kinatosha, na hakuna jirani atakayekupeleka baraza la ardhi kwa kuvuka mpaka.

Mbegu ni chuma. Punje ziwe za nanomita chache tu, maana zao letu, mrija wa kaboni, huota kwa unene unaofuata punje yake. Na kwa chuma, Mfipa hahitaji kuazima ujuzi. Wahunzi wa uwanda wa Ufipa walijenga malungu, matanuri ya udongo yenye kimo cha mita 3 hivi, yaliyovuta hewa yenyewe bila mvukuto hata mmoja. Kilichotoka humo kilisafishwa kwenye kintengwe, tanuri dogo lililofukutwa kwa mikono. Bertram Mapunda aliandika juu ya uhunzi wa kusini-magharibi mwa Tanzania katika tasnifu yake ya uzamivu ya mwaka 1995. Isome kabla hujaamini kwamba ufundi huu ni mgeni kwetu. Ndani ya ilungu, makaa yaliondoa oksijeni kwenye mawe ya chuma, na kaboni kidogo ikapenya ndani ya chuma chenyewe. Kupenya huko ndiko tunakokuhitaji.

Sasa lete mvua: asetilini, gesi ile ile ya fundi wa kuchomelea, ikisindikizwa na nitrojeni ndani ya bomba la kwatzi lenye joto la nyuzi 700 hivi. Hewa isiingie kabisa. Asetilini ikichanganyika na hewa kwenye joto hilo hulipuka. Gesi huvunjika juu ya chuma, kaboni huyeyukia humo, chuma hushiba, na ziada husukumwa nje ikiwa mrija. Sumio Iijima wa Japani aliieleza mirija hii mwaka 1991, dunia ikageuka kuitazama. Wakati wa kuvuna vaa barakoa, kwa sababu nyuzi ndefu za namna hii zinaweza kudhuru mapafu.

Usiiweke mirija ghalani; ifanye ibebe kichocheo. Ichemshe kwa asidi ya naitriki ili ngozi yake ipate pa kushikia metali, iloweke kwenye chumvi ya rutheniamu, ikaushe, kisha ipitishie haidrojeni ya moto. Punje za metali zitakaa zimetawanyika bila kugandamana, na metali kidogo itafanya kazi kubwa. Rutheniamu juu ya kaboni ni kichocheo cha kutengeneza amonia: kiwanda cha Kitimat, Kanada, kilianza kuitumia mwaka 1992, ingawa kaboni yake haikuwa mirija. Amonia ndiyo mama wa mbolea ya urea, na mkulima wa mahindi wa Rukwa haulizwi urea ina thamani gani.

Walimu wa kemia wa Sumbawanga na Nkasi, wapelekeni wanafunzi kwenye malungu yaliyobaki, somo la oksijeni na kaboni lifundishwe pale pale. Wakifaulu, Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha inafundisha sayansi ya maada.