Ugomvi Uko Mpinini

Kusi ikivuma Watamu na ngalawa zikalala ufukweni, wanaume hupata nafasi ya kugombana kuhusu visu. Si kugombana kwa visu, Mungu apishe mbali. Baraza letu liko chini ya mkwaju, kila anayekaa pale ana chake kiunoni, na kila mmoja anaamini vya wenzake ni vya kupakia siagi.

Mpita njia atadhani tunabishania makali. Wapi! Makali hayana fitina. Chukua springi ya lori lililokufa, mpe fundi wa jua kali aifue, ipitishe kwenye kinoo, itakata. Vita viko mpinini, na hasa kwenye msuka, ule mkia wa chuma unaozama ndani ya mti. Wapo wanaosema msuka sharti ufike hadi mwisho wa mpini na upigiliwe misumari ya shaba. Mjomba wangu alikuwa wa madhehebu mengine: msuka mfupi, uchome moto, uushindilie kwenye mti, basi, kisu kinakuwa chepesi.

Madhehebu hayo yalivunjwa na kolekole. Mjomba alikuwa akimpasua mbele ya mteja Mwitaliano mwenye kamera. Akadunga nyuma ya shavu, akavuta. Ukaja mpini peke yake. Bapa likabaki kwa kolekole. Mjomba akaukodolea macho ule mpini kama mtu aliyepokezwa simu ya mke wa mwenziwe, halafu akasema kwa Kiitaliano chetu cha Watamu: "Tutto bene!" Mteja akalipa, akaondoka na samaki, bapa likiwa ndani. Hakurudi kulalamika, nasi hatukumfuata.

Baada ya hapo binamu yangu akaamua tatizo ni mti. Mpingo una bei ya mahari, na wachongaji wa Malindi siku hizi wamehamia kwenye mwarobaini, naye akachonga mpini wa mwarobaini, akausugua kwa mafuta ya nazi mpaka ukang'aa. Uling'aa kweli. Uliteleza pia. Mara ya kwanza shangazi kukishika akikata kachumbari, kisu kiliruka kikatua kwenye beseni la unga wa jirani.

"Tena mpini wako umeifanya kachumbari chungu," shangazi akasema.

"Hiyo ni dawa ya malaria, shangazi."

"Basi kale hospitali."

Wanaodhani mpini ni pambo tu wavuke bahari. Kule Yemen thamani ya jambia iko mpinini. Chuma ni msindikizaji. Mpini uliotamaniwa kuliko yote ulikuwa wa pembe ya kifaru, na tamaa hiyo ni mojawapo ya sababu zilizowashusha vifaru wa Kenya kutoka takriban 20,000 mwaka 1970 hadi chini ya 400 katika miaka ya 1980. Yemen Kaskazini ilipiga marufuku kuingiza pembe mwaka 1982, ingawa biashara haikuwa na haraka ya kutii. Mtu akiniambia tunapoteza wakati kujadili mipini, namtuma kwa kifaru.

Turudi Watamu, kwenye suala la ugwe. Mvuvi yeyote atakwambia kisu kisichofungwa ni mali ya bahari. Wengi hutoboa mpini, hupitisha kamba ya nailoni na kuishonea kipande cha ndara kuukuu ili kisu kikianguka kielee. Changu nilikivaa mkononi siku ya bamvua, maji yametoka, nikitafuta pweza kwenye mwamba nje ya mpaka wa hifadhi ya bahari iliyotangazwa mwaka 1968, maana ndani ya mpaka huo hata mkonjo ukiwa begani unakutafutia askari. Pweza hakukitaka kisu. Alipenda ndara. Akaizungushia mikono yake, akarudi nayo shimoni, nami nimefungwa upande wa pili. Akavuta, nikavuta. Vijana waliokuwa wakipita wakaacha mawindo yao wakaja kumshangilia pweza. Kitanzi kilipokatika, yeye alibaki na ndara, kisu na heshima.

Tukampelekea kesi mgema mmoja mzee, anayepanda minazi asubuhi na jioni kuupunguza ukole kwa kotama ili tembo lidondoke kibuyuni. Kotama lake limezungushiwa mpira wa tyubu ya baiskeli kwenye mpini, hulitazami mara mbili, na huliweka kwenye ala nyuma ya kiuno. Ugwe hana. Tukamuuliza kwa nini.

"Wanangu, nikijifunga nalo, likianguka tunaanguka wote. Likianguka peke yake, nitashuka kulichukua."

Baraza halijakubaliana naye juu ya ugwe. Juu ya mpira wa baiskeli, hata binamu amenyamaza. Basi ukitaka kununua kisu, omba maji kwa mwenye duka, kiloweshe, ukikamate, kikikuteleza, mwachie. Na ukija kututembelea jioni, kaa chini ya mkwaju. Usikae chini ya mnazi wa yule mzee.