Shoo ya Landrova Ina Wenyewe

Ukitaka kujua una ndugu wangapi wilayani Ngara, fungua boneti kando ya barabara. Watatokea migombani, watashuka kwenye bodaboda, mmoja atateremka kwenye lori la kwenda Burundi akiwa na mswaki mdomoni, na wote watakuwa mafundi. Mimi siku hizi hata boneti sifungui. Tangu ng'ombe mmoja wa Nyakahura aingize pembe kwenye shoo ya Landrova yangu, yaani ule uso wa mbele, gari limebaki limekenua rejeta, na kila apitaye ana ushauri.

Ng'ombe mwenyewe simlaumu. Alikuwa anageuza shingo kumtazama mwenzake, na pembe za ng'ombe wa huku zinafika mahali kabla mwenyewe hajafika. Mchungaji alikuja taratibu, akaikagua pembe kuanzia kwenye shina hadi kwenye ncha, kisha akaniangalia kwa furaha: "Shikamoo mzee. Iko nzima."

Ninaowalaumu ni Waingereza. Gari langu ni 109 ya Series Three. Hiyo 109 ni inchi kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, si umri wa gari, ingawa watoto wa jirani wanashikilia kwamba ni umri. Landrova ya kwanza ilipotoka mwaka 1948 chuma kilikuwa cha kugombania baada ya vita, wakaunda bodi kwa aloi ya aluminiamu. Mbele, kulinda rejeta, wakaweka wavu wa waya, nene, wa heshima. Ukaendelea hivyo hadi Series Two na Two-A. Halafu mwaka 1971 wakaleta Series Three, wakaivisha shoo ya plastiki. Plastiki! Kwenye gari wanalomuuzia mfugaji! Mtu aliyepitisha uamuzi ule alikuwa hajawahi kukutana na ng'ombe anayevuka barabara bila haraka.

Basi ikawa kutafuta shoo. Nilidhani ni suala la spea, kumbe ni suala la ukoo, jirani, kanisa na stendi.

Watu wa Ngara hawana mchezo na sura ya gari, na wana sababu. Mwishoni mwa Aprili 1994, kwa muda wa kama siku moja tu, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakikimbia vita vya Rwanda. Msiba ule hauna mzaha. Lakini nyuma yake yalikuja mashirika, na mashirika yalikuja na magari meupe, kambi ya wakimbizi ya Benaco ikajaa bampa za mabomba na antena ndefu kama fito za kuangulia maparachichi. Waliokuwa watoto wakati ule leo ni watu wazima wenye ndevu, na kwa kila mmoja wao gari lenye adabu ni jeupe, ni Land Cruiser, na lina shoo pana. Ndiyo maana ushauri wa kwanza ninaopewa, kila mahali, ni huu: "Mwalimu, weka ya Land Cruiser. Inakatwa kidogo tu."

Hilo neno "kidogo tu" likitoka kwa mtu aliyeshika grenda, mimi huondoka na gari langu hata kama halijawaka.

Shoo ya plastiki ya kwake halisi ipo, naambiwa. Iko Arusha. Kila kitu cha Landrova kiko Arusha. Oktoba 2024 walifanya tamasha kubwa huko, wakiiwinda rekodi ya Wajerumani ya magari 632 katika msafara mmoja, na tangu hapo muuza spea nikimpigia simu ananitajia bei kana kwamba ni mahari. Nikimwambia niko Ngara, anasema ataongeza na ya usafiri. Nikimwuliza kwa nini ninunue tena plastiki ilhali ng'ombe bado wapo, anakata simu.

Fundi wa kuchomelea hapa mjini alikuwa na lake. Alitaka kuunda shoo kwa wavu wa vichanja vya kukaushia kahawa. Aliushika mkononi, akaupuliza, akasema hewa inapita. Hewa inapita ukiipuliza wewe, kijana wangu. Mbele ya injini ya lita mbili na robo inayopanda mlima na magunia, matundu yale madogo yanajaa vumbi na mbegu za nyasi, na rejeta inabaki inavuta pumzi kupitia blanketi. Sikumaliza kumweleza hayo. Mke wangu alitokea mlangoni, akauliza wavu wa kahawa umefuata nini kwenye gari, na mjadala ukafungwa.

Shemeji yangu ndiye aliyeleta Marekani. Ana simu yenye bando kuliko akili, na Mungu anisamehe, ni kaka wa mke wangu. Alinionyesha vijana wa huko ambao kazi yao ni kufufua Ford za babu zao. Kijana anachukua Ford ya 1929, anaivua shoo yake, anaivika ya Ford ya 1932, ambayo kwao ndiyo sura inayosifiwa kuliko zote. Shoo yenyewe wanaikata katikati na kuiunga tena ili iwe fupi, gari lionekane limeinamisha kichwa kama linataka ugomvi. Nilimwuliza rejeta inakuwaje ikiwa shoo imefupishwa. Akasema nayo wanaitafutia fupi. Yaani mtu ana injini kubwa kuliko ya mwanzo, halafu anaipunguzia maji kwa ajili ya sura! "Shemeji, ni mtindo," akasema. Kwenye barabara ya lami na kiyoyozi, sawa.

Lakini katika video zile nilipata jambo la maana, nalo halikumvutia yeye hata kidogo. Zamani gari halikuwa na shoo. Rejeta yenyewe ndiyo iliyokuwa uso. Ford Model T hadi mwaka 1916 ilitembea na rejeta ya shaba iliyosuguliwa ikang'aa, na kila mtu aliona wazi kinachopooza injini. Mwaka 1917 wakaifunika kwa ganda la chuma lililopakwa rangi nyeusi. Kuanzia hapo watu wakaanza kubishana juu ya ganda, na rejeta ikasahaulika huko ndani. Huo ugonjwa umefika hadi Ngara.

Shoo niliyoitaka mimi, ya waya, ya Two-A ya mwisho, niliiona Lusahunga. Wanaosafiri wanapajua: malori ya kutoka Dar es Salaam yanapumzika pale kabla ya zile kilomita 92 za kwenda Rusumo, na pale malori yanapopumzika nyama haikosi moto. Shoo yangu ilikuwa juu ya makaa, na juu yake mishikaki. Nasikia hata askari wa Kiingereza walikuwa wakizichomoa kwenye magari yao na kuchomea nyama, kwa hiyo simshangai mchoma nyama wa Lusahunga. Shoo za Two-A za mwanzo zilikuwa nyembamba, kwa sababu taa zilikaa ndani pembeni mwa rejeta. Mwishoni mwa miaka ya 1960 taa zikahamishiwa kwenye mafenda, na shoo ikapanuliwa ikawa mfano wa msalaba mnene. Mchoma nyama aliniambia ndiyo maana hakuwahi kuiuza: alidhani imetoka kanisani.

Tulielewana, ila si kwa bei ya chuma chakavu. Alihesabu shoo, akahesabu wateja wa jioni ile ambao wangekosa mishikaki, akahesabu na makaa yaliyokwisha kuwaka. "Mzee wangu, haya makaa nayazima na nini?" Nikalipa na makaa.

Kuifunga tulikwenda Biharamulo, kwa fundi bodi anayesifiwa hadi Nyakanazi. Mtu akitazama Landrova anadhani shoo ni pambo la kubandika. Nyuma yake kuna paneli ya chuma iliyofungwa kwenye chesi, rejeta imeshikwa na paneli hiyo, feni iko nyuma ya rejeta, na shoo inakuja mbele ya vyote. Matundu ya shoo ya waya na matundu ya plastiki hayajawahi kutambulishana. Fundi alipima kwa jicho, akatoboa, akafunga skrubu, akarudi nyuma hatua kadhaa. Upande wa kulia ulikuwa juu kwa kidole kizima. Nikamwonyesha. Akainamisha kichwa, akatazama tena, akasema, "Mwalimu, hapa uwanja umeinama."

Tulisogeza gari. Uwanja ukaendelea kuinama.

Baadaye akaja na wazo la kuisogeza rejeta nyuma kidogo ili shoo izame vizuri na gari lipendeze. Nyuma ya rejeta kuna feni. Ikisogea kidogo, feni inaikwangua. Ikisogezwa mbele kupita kiasi, feni inaanza kuvuta hewa ya pembeni badala ya kuipitisha kwenye rejeta. Mwingereza mwenye plastiki yake aliipima nafasi ile, na hapo peke yake namuunga mkono. Nikamwambia fundi tuache kidole kibaki juu.

Sasa shoo ipo. Injini ikipata moto, gari zima linanukia mishikaki, na mbwa wa Rulenge wananisindikiza hadi nje ya mji. Watu wamefurahi. Trafiki amenipa pongezi. Shemeji amepiga picha, ameituma kwa watu nisiowajua.

Na nikipanda kutoka Rusumo, gari linachemsha. Palepale lilipokuwa linachemsha zamani.

Hilo ndilo nililokuwa nawaambia tangu mwanzo, nikajibiwa Land Cruiser. Maji yanachemka kwa digrii 100 ukiwa pwani. Kila ukipanda mita 300 hivi unapoteza digrii moja, na vilima vya Ngara vinafika mita 1,800, kwa hiyo huku sufuria lisilofunikwa linachemka kwenye 94. Kinachoiokoa Landrova ni mfuniko wa rejeta. Ule wa paundi tisa, ukiwa mzima, unabana mvuke hadi kiwango cha kuchemka kinapanda zaidi ya digrii kumi. Spiringi yake ikichoka, umefunika chungu kwa jani la mgomba. Mfuniko huo unaenea kiganjani, bei yake haifiki hata ya makaa ya Lusahunga, na katika mabaraza yote yaliyokaa mbele ya gari langu hakuna aliyeutaja. Ukiutaja wewe, wanaitikia "mh", kisha wanauliza kama shoo ile utaipaka nyeusi au ya fedha.

Kwa hiyo natangaza. Mwenye mfuniko wa rejeta wa Landrova, paundi tisa, wenye spiringi isiyolegea, anitafute Ngara mjini. Aulize mwalimu mwenye gari linalonuka nyama, ataletwa hadi mlangoni. Nitalipa taslimu na chai juu. Asije na shemeji yake, na asinitajie shoo.