Mlima Mmoja, Nchi Mbili na Bima ya Miguu

Ndugu zangu wa Nyamirambo, Kigali,

Mimi ni mzima, ila magoti yameomba talaka.

Nawaandikia kwa sababu jana, kwenye dirisha la tiketi kule Zermatt, binti mmoja mwenye adabu zake zote aliniuliza kama miguu yangu ina bima. Nikamtolea kadi ya bima ya afya. Akatikisa kichwa. Nikamwambia gari sina. Akatabasamu, akanieleza polepole: ukiteleza kwenye theluji upande huu wa mlima, ambao ni Uswisi, bima ni hiari yako. Ukifika juu ukavuka, ukaanza kuteleza upande wa pili, ambao ni Italia, sheria inakutaka uwe na bima ya kumlipa mtu utakayemgonga. Mimi! Mtu ambaye hadi jana nilikuwa nimegonga uzio, rundo la theluji na heshima yangu tu.

Wafikishieni habari hii vijana wa moto, zile pikipiki za abiria, pale Biryogo, maana najua kilio chao kuhusu bei ya bima. Waambieni huku mtu anakatiwa bima bila pikipiki, bila injini, bila hata breki.

Mniwie radhi, nimeanzia mkiani. Mnajua nafanya kazi Visp, Uswisi, kwenye nyumba ya kutunza wazee. Mwenzangu wa zamu, Mreno, ndiye aliyenitia maneno: likizo moja, miji miwili. Tuanzie Zermatt, tumalizie Cervinia, mji jirani ulio mgongoni mwa mlima huohuo. Waswisi mlima wao wanauita Matterhorn, Waitalia wao ni Cervino, na kila upande unaapa kwamba uso mzuri umewaelekea wao na mwenzao kapewa kisogo. Ipo tiketi moja ya kupita kotekote, njia za kuteleza zenye jumla ya kilomita 360. Nikajiona mtalii. Tangu utotoni nimewaona watalii Kigali wakishuka kwenye magari na kofia zao. Sikuwahi kuona risiti zao.

Mjomba, swali lako nalijua: wamekulipa kiasi gani kuteremka huo mlima? Nimelipa mimi, Mjomba. Nimelipa kupandishwa, nimelipa kukodi mbao za kutelezea, viatu na fimbo, na sasa nimemlipia hata mtu nisiyemjua, endapo nitamwangukia. Tafadhali isifike msikitini.

Na huo urefu wenyewe, unaowatoa watu Japani kuja kupiga picha, hebu tuuzungumze. Matterhorn ina mita 4,478. Karisimbi yetu, ambayo abiria wa basi la Musanze huilalia usingizi bila kuifungulia hata pazia, ina mita 4,507. Mji wa Zermatt uko mita 1,600 na kidogo. Mtu aliyesimama juu ya Mlima Kigali anautazama kwa chini. Nimemweleza Mreno. Amesema sawa, lakini Mlima Kigali hauna theluji. Nikamkumbusha Septemba 2025, mashindano ya dunia ya baiskeli yalipokuja Afrika kwa mara ya kwanza, Pogačar akawatoroka wenzake palepale Mlima Kigali, na mabingwa wa Ulaya wakahema midomo wazi kwenye mawe ya kilima cha Kwa Mutwe, mbele ya macho yenu. Wao walikuja kwetu kupanda kwa taabu, mimi nimekuja kwao kushuka kwa taabu. Hatudaiani.

Zermatt magari ya petroli hayaingii. Mwenye gari analiacha Täsch, kijiji cha chini, anapanda treni. Kila siku ni ile Jumapili yetu ya Kigali ya kuyafungia magari barabara, isipokuwa hapa hakuna anayekupima sukari bure. Vinavyotembea ni vigari vya umeme, vyembamba, vyenye pembe nne, vinavyokujia kwa nyuma bila sauti, na dereva wake hapigi honi kwa sababu ya ustaarabu. Nimegundua kwamba honi ya stendi ya Nyabugogo ilikuwa aina ya upendo.

Masomo yangu ya kuteleza yalifanyika Sunnegga, kwenye uwanja wa wanaoanza. Wanafunzi wenzangu walikuwa na umri wa miaka minne, mitano. Tulipandishwa kilimani kwa mkeka wa mpira unaotembea wenyewe, nikiwa nimesimama katikati ya foleni, kichwa na mabega juu ya darasa zima. Mmoja alinishika mkono nilipoanguka. Basi, hapo sitaki maswali.

Mashine niliyotaka kuwasimulia ni nyingine. Kutoka Trockener Steg, kituo kilicho karibu mita 3,000, kuna magari ya kebo yanayokwenda hadi Klein Matterhorn, mita 3,883, na hakuna kebo Ulaya inayokufikisha juu zaidi. Yalifunguliwa mwaka 2018. Wengine wangetosheka kwamba chombo kinaning'inia angani na hakidondoki. Hawa wakaona bado. Baadhi ya vyumba wamevipamba kwa fuwele za Swarovski, na sakafu wameifanya ya kioo cha ukungu. Unaingia, unakaa, unasema moyoni alhamdulillahi, mambo si mabaya. Mnaondoka. Mkiwa mmeshafika juu ya barafu, pasipo hata kuombwa ruhusa, ukungu wote unayeyuka mara moja na sakafu haipo. Chini ya soli zako ni barafu ya karne na karne, imepasuka mipasuko ya buluu, na kati yako na hiyo mipasuko ni hewa. Mama, nilinyanyua miguu yote miwili, kana kwamba makalio hayana uzito. Nikaanza Ayatul Kursi kwa sauti. Bibi mmoja wa Kijapani akadhani ni wimbo wa kwetu, akanirekodi hadi mwisho, akanipigia makofi. Ninachotaka kujua ni hiki: kwenye kile kikao, ni mhandisi gani aliyenyoosha mkono akasema abiria hawaogopi vya kutosha? Na nani aliyemuunga mkono?

Kabla ya tarehe 1 Julai 2023, ukitoka pale juu kwenda Italia ilikupasa uteleze. Siku hiyo wakafungua kebo ya mwisho iliyobaki, kutoka Klein Matterhorn hadi Testa Grigia, na sasa hata asiyejua kuteleza anavuka mlima mzima akiwa amekaa. Ndivyo nilivyovuka mimi. Mbao nimezipakata, bima ya kuteleza mfukoni, nimeketi. Nilikuwa nimebeba pasipoti, kibali cha kuishi Uswisi, kitambulisho cha Rwanda, na barua ya mwajiri iliyopigwa mihuri miwili. Pale juu hapakuwa na askari, hapakuwa na meza, hapakuwa hata na mtu wa kuniuliza nakwenda kwa nani. Nimeingia nchi ya watu bila kutiliwa shaka na yeyote. Nilijisikia mpweke sana.

Mpaka wenyewe nao ni kituko. Umechorwa kufuata mgongo wa barafu, pale maji yanapogawanyika haya huku haya kule. Barafu inayeyuka, mgongo unahama, mpaka unaufuata. Kuna nyumba ya wageni, Rifugio Guide del Cervino, iliyojengwa mwaka 1984 ikiwa ndani ya Italia. Joto likazidi, na sehemu kubwa ya nyumba ikajikuta Uswisi bila kuhama hata tofali. Ikabidi mabwana wakubwa wakae miaka wakijadiliana, na Septemba 2024 serikali ya Uswisi ikaidhinisha mpaka usogezwe. Mimi nililiwaza jambo moja tu: mtu akilala pale kichwa Uswisi na miguu Italia, kwa ile sheria ya bima yuko salama ikiwa amekatia bima miguu peke yake.

Sheria yenyewe ya Italia nimeisoma, maana niliilipia. Ilianza tarehe 1 Januari 2022. Mbali na bima, inakataza kuteleza ukiwa umelewa. Kileo situmii, mnanijua, lakini kwa mwendo wangu wa jana polisi yeyote angekuwa na haki ya kunipulizisha kipimo cha pombe. Na tangu tarehe 1 Novemba 2025 kofia ngumu ni lazima kwa kila mtu upande wa Italia, si watoto peke yao kama zamani. Wazungu wazima walikuwa wakinung'unika kwenye foleni ya kukodi: zinawasha, zinaharibu nywele, kichwa ni changu. Mimi nikaivaa bila neno. Mtu aliyelelewa nyuma ya moto za Kigali hawezi kuiogopa kofia iliyotoka kichwani mwa mwingine dakika mbili zilizopita. Hii ilikuwa na joto la mwenyewe bado, na jasho lake. Nikafunga macho kidogo, nikawa nashuka Kuri 40 mtaani kwetu jioni, dereva wa moto ananiuliza kwa bega kama nina chenji.

Kuteleza kwangu Italia kulifanyika Plan Maison, kwenye tambarare iliyoinama kidogo tu. Kanuni za kimataifa za mchezo huu zinasema anayetoka nyuma ndiye wa kumkwepa aliye mbele. Kwa mwendo wangu kila mtu alikuwa anatoka nyuma, kwa hiyo barabara nzima ilikuwa mali yangu kisheria. Watoto walinipita kulia na kushoto wakipiga kelele za furaha. Sikumgonga mtu. Pesa ya bima imepotea bure.

Jioni tukashuka Cervinia, mita 2,050, kula. Huku bei ni nafuu kuliko Zermatt, ndiyo sababu wapo wanaopanga likizo ya miji miwili: picha Uswisi, tumbo Italia. Nikaagiza chakula cha wenyeji. Wakaniletea kawunga, ugali wetu wa mahindi. Naapa, Mama, kawunga! Ya njano, imekorogwa na jibini na siagi, imekaa kwenye sahani ya udongo yenye kifuniko, wanaiita polenta, na bei yake ingelisha nyumba yetu na ya jirani. Nilikata tonge kwa vidole, mhudumu akaniletea uma mwingine akidhani wa kwanza umeanguka. Jibini lilikuwa zuri. Lakini macho yalikuwa yanazunguka meza yanatafuta mboga ya isombe, yanatafuta pilipili ya Akabanga, yanatafuta mtu wa kumwambia asimalize mchuzi. Mreno akaniuliza kwa nini nimenyamaza. Nikamwambia ni ya moto, naipuliza.

Sasa tatizo. Leo asubuhi upepo umeamka huko juu na kebo zote za kurudi Uswisi zimesimama. Mpaka umefungwa na upepo, jamani. Sisi tulioona mpaka wa Gatuna, kati yetu na Uganda, ukifungwa Februari 2019 hadi mwisho wa Januari 2022 tunajua kusubiri, lakini pale angalau ungeweza kumlaumu mtu. Wenyeji wamezoea, wanakunywa kahawa. Kwenye milima hii ilikutwa mifupa ya msafiri wa mwaka 1600 hivi, pamoja na sarafu zake na silaha zake, barafu ya Theodul ilipoanza kumtoa. Naye alikuwa anavuka tu, upande mmoja kwenda wa pili. Mreno alinisimulia hilo wakati tunapiga mswaki.

Kebo isipofunguka, njia iliyobaki ni teksi: kushuka bondeni, kwenda Aosta, kupita handaki la Grand-Saint-Bernard, Martigny, kisha kulizunguka bonde zima la Valais, zaidi ya kilomita 200 kufika upande wa pili wa mlima ninaouona dirishani. Ni mbali kuliko Kigali hadi Rubavu. Zamu yangu ni kesho alfajiri, na wazee wa Visp hawaelewi habari za upepo. Wanataka uji saa moja.

Mreno amekwisha kuuliza nauli. Hata tukigawana, kinachobaki mfukoni mwangu ni kidogo kuliko bei ya yale mabati ya jikoni tuliyokubaliana. Shangazi, funika jikoni kwa turubai mpaka mwisho wa mwezi, na mvua ikipita unitumie hesabu mpya. Majirani wakiuliza niko wapi, semeni yuko safari ya kikazi, nchi mbili.

Wenu,
Mtoto wa Nyamirambo